Shujaa Aliyepanda Mbuni: Namna ya Kujitengenezea Vazi la Kosplei la Kuchekesha

Vazi la kosplei, yaani la kujigeuza mhusika wa kubuni kwenye mikusanyiko ya wapenzi wa hadithi, huchekesha zaidi linapotengenezwa kwa dhati kuliko linapotengenezwa ovyo, kwa kuwa mtazamaji hufurahi kuona jambo lisilowezekana limeshughulikiwa kwa makini hadi kwenye pindo. Chagua wazo moja tu, ambalo mtu aliye upande wa pili wa ukumbi atalielewa kabla hujafungua kinywa. Wazo ninalolipenda mimi ni la shujaa wa kale, mwenye deraya na uso mkali, aliyempanda mbuni badala ya farasi. Mbuni anafaa kwa sababu ana miguu miwili, na miguu hiyo itakuwa ni ya kwako mwenyewe.

Anza na kiwiliwili cha ndege. Tafuta boksi la kadibodi lenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita 45, toa sehemu ya chini yote, kisha ukate juu yake tundu la kupitisha kiuno chako. Pembe za boksi zikunjwe ili zipate umbo la mviringo. Kadibodi hukunjika vizuri ukifuata mistari yake ya ndani, lakini ukiikunja kwa kukatisha mistari hiyo hupasuka. Basi ikibidi kuikunja hivyo, ipitishie kwanza mgongo wa kisu ili uiache na alama isiyotoboa. Funga mikanda miwili ya begi kuukuu kutoka mbele ya tundu, ipite mabegani, ikutane mgongoni kwa kupishana, ndipo uzito utulie mabegani wala boksi lisiteleze kila unapopiga hatua.

Manyoya yanaweza kuwa vipande vya nguo vilivyochanwa kwa mkono, kwa maana ncha zenye nyuzi hufanana na manyoya kuliko ncha zilizokatwa kwa mkasi. Bandika safu ya kwanza chini kabisa, kisha upande juu, kila safu ikifunika vichwa vya iliyotangulia. Mbuni dume ni mweusi mwenye weupe kwenye mabawa na mkia, na jike ni wa rangi ya kahawia iliyofifia. Ninapendelea dume, kwa kuwa weusi na weupe huonekana kwa mbali.

Sasa tufike kwenye miguu, ambayo ndiyo roho ya vazi hili. Kata miguu ya suruali kuukuu, ijaze matambara au karatasi zilizofinyangwa, ipinde kwenye magoti na uitie viatu vyepesi mwishoni, kisha uishonee pande mbili za tundu la kiuno ili ionekane kuwa ndiyo miguu ya shujaa aliyeketi. Kiungo hiki kisipofichwa, udanganyifu wote huanguka. Kwa hiyo vaa kanzu fupi ya shujaa inayoshuka hadi kufunika mshono kwa kiganja kizima. Miguu yako halisi ivalishwe soksi ndefu za kubana zenye rangi ya kijivu au waridi iliyopauka, na juu ya viatu vyako uweke vifuniko vya sponji vyenye vidole viwili viwili, kwa sababu mbuni ana vidole viwili tu katika kila mguu. Watu wachache watavihesabu, lakini atakayevihesabu atakupenda siku nzima.

Shingo itengenezwe kwa sponji iliyoviringishwa na kuvikwa kitambaa, na ndani yake upitishe waya mmoja tu, usiwe mgumu. Shingo inayoyumba yenyewe kila unapotembea, ilhali shujaa anatazama mbele bila kutabasamu, inachekesha kuliko maneno yoyote utakayoyatunga. Deraya na upanga vitoshe kwa kadibodi: ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, iache ikauke kabisa, ndipo upake rangi ya fedha, la sivyo rangi yenye majimaji huipinda.

Kabla ya siku yenyewe, livae vazi nyumbani kwa saa nzima. Pita mlangoni, panda ngazi, jaribu kuketi, na uhakikishe kwamba unaweza kulivua peke yako unapokwenda msalani. Beba sindano, uzi, gundi na pini, kwa kuwa mimi niliwahi kupoteza mguu mmoja wa shujaa katikati ya umati, na uzi wa mtu nisiyemjua ndio ulioniokoa.

Ukarimu wa namna hiyo ni sehemu ya furaha ya kosplei. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York, Myrtle Douglas alihudhuria akiwa amevaa vazi alilolishona mwenyewe, na mwenzake Forrest Ackerman akavaa jingine la mkono huohuo. Jina la kosplei lilikuja baadaye sana, kutoka Japani katika miaka ya 1980, lakini raha ya kuulizwa "Hili umelitengenezaje?" na kulijibu swali hilo kwa kugeuka ili mwenzako auone mshono, naamini ilikuwapo tangu siku ile.

Mtoto akikukaribia, usimsemeshe wewe kwanza. Ishike shingo kwa nyuma pasipoonekana, uiinamishe taratibu, na umwache mbuni amwamkie.