Pangani hadi Tanga kwa miguu: maneno machache kwa mstaafu mwenzangu

Nilipostaafu uuguzi, kila aliyesikia nimepata kiinua mgongo alinishauri nifuge kuku. Nikafuga. Mdondo ukawamaliza ndani ya wiki moja, nikabaki na banda tupu na presha. Ndipo nikaanza kutembea: kwanza Raskazone, hapa hapa Tanga mjini, asubuhi asubuhi, baadaye hadi Mwambani, mwisho nikathubutu Pangani. Sasa nina miaka 64, na kila mwaka, mwezi wa saba au wa nane, naifuata pwani kutoka Pangani hadi Tanga peke yangu, siku tatu za mwendo na moja ya kupumzika Kigombe. Kwa barabara ni kilomita 50 hivi. Ukifuata ufukwe zinaongezeka, maana pwani haijanyooka.

Mwezi kwanza, mkoba baadaye

Wageni wa bara hudhani ufukwe upo muda wote. Haupo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti yake hupita mita tatu. Yakijaa, unaachiwa ukanda wa mchanga mkavu, mlaini, ulioinamia baharini. Tembea hapo kilomita tano tu, mguu wa upande wa bahari ukiwa chini muda wote, uone nyonga itakavyokusimulia usiku. Yakipwa, unapata mchanga uliolowa, mgumu, tambarare kama sakafu.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Huku kwetu siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo anza safari mwezi ukiwa wa siku moja au mbili. Utatoka saa moja asubuhi maji yakishuka, na kabla ya saa saba uwe umekaa kivulini na dafu lako. Kila siku saa husogea mbele dakika 40 hadi 50, hivyo siku ya nne kupwa kunaangukia karibu na saa sita, jua la utosi. Ndiyo sababu sipangi safari ya wiki nzima. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kaa nyumbani: maji hayatoki mbali, na kupwa kwenyewe ni saa kumi jioni.

Simu zina programu za kuonyesha maji, nami ninayo moja. Lakini jioni lazima nimuulize mvuvi, kwa sababu programu haijui kijito kimehamia wapi baada ya masika.

Mwaka wa kwanza nilijifanya mjuzi. Karibu na Kigombe niliingia kwenye mikoko nikifuata kinjia cha waokota kome, saa sita mchana, maji yameshaanza kurudi. Ndani ya mikoko maji hayaji kwa mawimbi. Yanapanda kimya kutoka chini, unashtukia yako magotini. Nilitoka kwa kushika mizizi, kiatu kimoja kikabaki topeni. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye shamba lake la mwani alinicheka kwanza, tena sana, kisha akanionyesha njia ya juu inayopita kwenye mkonge. Tangu siku hiyo nina amri mbili. Nikiona mikoko, naiacha pwani na kupanda barabarani, hata kama ni mzunguko wa saa nzima. Na rasi yenye mwamba siizunguki kama maji yameanza kurudi. Nakaa, nakula kashata, nasubiri au napita juu.

Nisijione mjinga peke yangu. Aprili 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, hapo mbele ya kijiji cha Tongoni, likasubiri maji yajae ndipo likaelea. Januari iliyofuata wakalichoma moto palepale, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kuliendesha.

Upepo uwe mgongoni

Mara ya kwanza nilitoka Tanga kwenda Pangani, mwezi wa saba, kusi inanipiga usoni siku tatu mfululizo na mchanga menoni. Sasa napanda basi hadi Pangani na kurudi kwa miguu, kusi inanisukuma kama mjukuu mwenye haraka. Ungeweza kushuka kusini wakati wa kaskazi, Januari na Februari, lakini joto la miezi hiyo si la watu wa rika letu. Masika usiguse.

Mzigo

Usizidi kilo sita. Maji lita tatu, na usingoje kiu, maana uzeeni kiu huchelewa. Kanga mbili, ambazo ni shuka, taulo, pazia la kubadilishia nguo na kilemba. Kofia ya ukindu yenye kamba. Raba za kutembelea mchangani na yeboyebo za kukanyagia mwamba na maji. Bakora. Kitochi chenye chaji, hata kama una simu kubwa. Pakiti nne za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini ukiharisha. Tende. Nguo za kubadilisha ni jozi moja tu, niamini.

Majini usinyanyue miguu, iburute. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na mwiba wake uko mkiani. Ukimsukuma kwa kidole anaondoka, ukimkanyaga anachoma. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda zahanati. Jaribu maji kwanza kwa mguu ambao haukuchomwa, kwa sababu wenye maumivu huwa hawahisi wanavyoungua.

Na hili nalisema kama muuguzi: kama unameza vidonge vya presha vile vinavyokukojoza, zungumza na daktari kabla ya kutembea juani. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni kwa taa na kioo kidogo. Lengelenge ambalo hukuliona ndilo linalokupeleka wodini.

Peke yako, lakini si kwa siri

Kila kijiji ninacholala naanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hodi, shikamoo kwa aliyenizidi, jina langu, natoka wapi, naenda wapi, kitambulisho mezani. Dakika tano hizo zina kazi kuliko mbwa na panga. Kesho yake wavuvi wa mbele wameshasikia kuna bibi anakuja. Pangani zipo nyumba za wageni. Vijijini mwenyekiti hunipeleka kwa mjane mwenzangu, nami nakwenda na sukari kilo moja, sabuni na dagaa, na asubuhi naacha pesa kidogo chini ya mto bila maneno. Mwanangu anapata ujumbe saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipita wa pili kimya, anampigia mwenyekiti, ambaye namba yake ameshaipata tangu jana.

Watakuuliza kwa nini unatembea. Nilipojibu “napenda tu”, walinitazama kama niliyetoroka mahali. Siku hizi nasema daktari kaniamuru kwa ajili ya presha, na hakuna anayebisha na daktari.

Jambo moja ambalo hakuna atakayekuambia: alfajiri, ufukwe ulio mbele ya vijiji vingine ndio choo cha kijiji. Pita kwa juu, salimia ukiwa unatazama mbele, endelea.

Kuvuka mto Pangani kwenda kusini mimi siendi peke yangu. Mtoni kuna mamba, na ukipita Ushongo unakaribia Hifadhi ya Saadani, ambako tembo na simba wanafika hadi pwani. Huko watu huingia kwa utaratibu wa hifadhi na kutembea na askari mwenye silaha, si na bakora ya bibi.

Tongoni ndicho kituo changu cha mwisho. Nafika mapema, navua raba, nakaa karibu na makaburi ya kale, ambayo ni zaidi ya 40, mengine nguzo zake zimeanguka na hazijainuliwa. Kesho yake namalizia Mwambani na kuchukua bodaboda hadi mjini. Mwaka jana kijana wa bodaboda aliniuliza, “Bibi, unatokea wapi na mchanga wote huo?” Nikamwambia Pangani. Akafunga breki, akageuka. “Gari limewaharibikia wapi?”