Kabla ya Kusaka Maduka ya Zamani ya Vyakula katika Miji Midogo ya Marekani

Wengi wanaosaka maduka haya hutafuta bango, na ndiyo maana hupitwa na mengi. Kampuni ilipofunga duka, bango lilishushwa kwanza. Jengo likabaki, likageuka kanisa, duka la vipuri vya magari au ukumbi wa mazoezi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, zoesha macho kutambua maumbo.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya A&P, iliyokuwa na maduka ya vyakula nchini kote, ilijenga mengi ya matofali mekundu kwa mtindo wa nyumba za enzi ya ukoloni, na juu ya paa kijumba kidogo chenye kielekezi cha upepo. Safeway, kampuni nyingine ya maduka ya vyakula, kuanzia duka lake la mtaa wa Marina, San Francisco, lililofunguliwa 1959, ilieneza paa la tao juu ya ukuta mpana wa vioo. Ukishayajua maumbo hayo, rangi mpya haikudanganyi. IGA ni habari nyingine. Tangu 1926 ni muungano wa wenye maduka binafsi, kila mmoja na jengo lake, hivyo hapo umbo halisemi kitu na bango ndilo la kutafuta.

Kazi ngumu zaidi ni maduka ya kabla ya supamaketi. Kufikia 1930 A&P peke yake ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000, mengi yakiwa vyumba vyembamba vya kupanga kwenye barabara kuu ya mji. Hayo hayatambuliki kwa macho, yanahitaji karatasi. Anza na ramani za bima ya moto za Sanborn, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka nyingi mtandaoni bila malipo. Humo herufi S ni duka na D ni makazi. Rangi ya waridi ni tofali, njano ni mbao. Ramani haitakupa jina la mwenye duka, kwa hiyo ioanishe na kitabu cha anwani cha mji na matangazo ya magazeti ya zamani. Angalizo moja: miji mingi ilibadilisha namba za majengo, na namba 112 ya mwaka 1920 huenda leo iko upande mwingine kabisa wa barabara. Hesabu majengo kuanzia kwenye kona, usiiamini namba. Usiuamini sana pia mwaka wa ujenzi ulio kwenye rekodi za kodi za kaunti, maana kwa majengo ya zamani mara nyingi ni makadirio.

Ukipata anwani, usikimbilie kuwasha gari. Tazama kwanza picha za barabarani za Google, ambazo kwa baadhi ya miji zinarudi hadi 2007, uone kama jengo bado limesimama. Angalia pia limeelekea wapi. Jengo linalotazama mashariki lipigie picha asubuhi. Linalotazama kaskazini halipati jua la moja kwa moja sehemu kubwa ya mwaka, na siku ya mawingu hulifaa zaidi. Jumapili asubuhi barabara kuu huwa haina magari yanayoziba picha, ila maktaba nyingi na ofisi za kaunti zimefungwa. Mimi ningechagua siku ya kazi, kwa sababu mkutubi mmoja mzee ana faida kuliko barabara tupu.

Kupiga picha ukiwa barabarani kwa kawaida hakuna tatizo. Kuvuka uzio ni jambo jingine. Katika majimbo kama Texas na Missouri, alama za rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo zina nguvu ileile ya kibao cha kukataza kuingia. Ndani ya jengo lililotelekezwa usiingie bila mwenyewe: sakafu huoza, na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, ilitumika sana zamani.

Zunguka hadi ukuta wa pembeni. Kampuni za soda ziliwapa wenye maduka mabango ya bure, nembo yao kubwa, jina la duka dogo chini au juu yake. Jina hilo dogo ndilo la kuandika. Kwenye uso wa jengo tafuta mashimo ya misumari na kivuli cha herufi zilizong'olewa. Na ukikuta bango la enameli bado limening'inia kwenye jengo lisilo na mlinzi, usitangaze mahali lilipo. Wauzaji wa vitu vya kale nao wanasaka.