Kanuni ya Soksi kwa Mtoto Mdogo: Namna ya Kuitii Bila Kumtwisha Mtoto Kosa Lisilo Lake

Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka 5 alitolewa mstarini shuleni asubuhi moja kwa sababu soksi zake nyeupe zilikuwa na mstari mwembamba wa kijivu karibu na lastiki. Alisimama kando pamoja na wenzake wawili hadi ukaguzi ulipomalizika, na aliporudi nyumbani hakutaja mstari wowote. Alisema tu kwamba miguu yake ni michafu. Soksi zile nilizinunua mimi, nikazifua mimi, na asubuhi hiyo nilimvalisha mimi nikiwa na haraka. Katika shughuli yote hiyo, jambo pekee alilolifanya yeye lilikuwa kunyoosha mguu.

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa kama watoto wadogo wafuate kanuni kali za soksi, jibu langu limekuwa moja: kanuni na iwepo, hata ikiwa kali, lakini hadi mtoto afikie umri wa kuchagua, kuvaa na kutunza soksi zake mwenyewe, anayepaswa kuulizwa inapovunjwa ni mtu mzima. Wanaotetea ukali husema samaki mkunje angali mbichi, nami sina ugomvi na methali hiyo. Ninachokataa ni samaki kuadhibiwa kwa kosa la mvuvi. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa mzazi au mlezi wa mtoto wa takriban miaka 4 hadi 8, ingawa mwalimu naye ataiona sehemu yake humo.

Soma kilichoandikwa

Kabla ya kununua chochote, pata kanuni yenyewe kwa maandishi. Wazazi wengi huifahamu kanuni ya soksi kwa kusikia kwa wazazi wengine, na kila inapopita kinywani huongezwa kipengele. Angalia mambo matano: rangi, urefu, alama au maandishi yanayokubalika, aina ya kitambaa, na hatua zinazochukuliwa mtoto asipotimiza. Mara nyingi utakuta karatasi inasema "soksi nyeupe" na basi, ilhali zuio la mstari au nembo ndogo ni mazoea tu ya mtu anayekagua. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu kanuni hubadilishwa kikaoni, lakini mazoea yanaweza kumalizwa kwa mazungumzo ya dakika kumi na mwalimu wa darasa.

Pale usipoelewa sababu ya kipengele fulani, uliza, tena kwa nia njema, kwa kuwa baadhi ya vipengele vina sababu nzuri kuliko vinavyoonekana. Soksi fupi sana, ile inayoishia chini ya kifundo, huacha ukingo wa kiatu kigumu ukisugua ngozi ya nyuma ya kisigino mpaka kuota malengelenge. Shule inayotaka soksi ipite kifundo cha mguu inamlinda mtoto, iwe imekusudia hivyo au la. Kinyume chake, sijawahi kupewa sababu ya maana ya kuzuia mstari wa kijivu.

Nunua kwa kipimo cha mguu

Hapa ndipo kanuni nyingi huvunjwa bila mtu yeyote kukusudia, hivyo nitakaa kidogo. Mguu wa mtoto wa kati ya miaka 3 na 6 hurefuka kwa takriban milimita 1 kila mwezi. Namba za viatu za Ulaya hupishana kwa karibu milimita 6.7, maana yake ni kwamba katika muda wa miezi sita au saba mtoto anaweza kuhama namba nzima, na soksi aliyoanza nayo mwaka wa masomo ikawa imeshampungukia kabla mwaka haujaisha. Mzazi hukumbuka kiatu kwa sababu mtoto hulalamika. Soksi hunyooka, hukaza polepole, na hakuna anayeigundua.

Pima kila baada ya miezi mitatu au minne. Tandika karatasi sakafuni mbele ya ukuta, msimamishe mtoto visigino vikigusa ukuta, kisha tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, kwa maana mara nyingi mmoja huuzidi mwingine, na ununue kwa kuufuata ule mrefu. Wakati mzuri ni jioni, baada ya miguu kutanuka kwa kutembea mchana kutwa. Usinunue kwa umri ulioandikwa kwenye lebo, kwani watoto wawili wa miaka 6 wanaweza kutofautiana namba mbili au tatu. Zaidi ya hayo, soksi huuzwa kwa mafungu ya namba, kwa mfano 27 hadi 30. Mtoto ambaye tayari anavaa 30 anunuliwe fungu linalofuata, la sivyo utarudi dukani baada ya muda mfupi.

Soksi ikishavaliwa, iangalie kisigino. Kisigino cha soksi kikipanda juu ya kisigino cha mtoto, soksi ni kubwa, na ile ziada itajikunja ndani ya kiatu na kumchubua. Kikivutwa chini ya wayo, soksi ni ndogo, na inavirudisha vidole nyuma. Mtoto anaweza asiseme kitu, kwa sababu sehemu ya mifupa ya mguu wake bado ni gegedu laini na hubanwa bila maumivu makubwa. Lastiki nayo ikaguliwe: alama hafifu inayotoweka haraka si tatizo, bali mfereji mwekundu unaoonekana hata nusu saa baada ya soksi kuvuliwa ni dalili kwamba inabana mno.

Kuhusu kitambaa, pamba peke yake hunyonya jasho vizuri lakini hulegea, na soksi iliyolegea huliwa na kiatu. Hebu fikiria kanuni isemayo soksi zipandishwe wakati wote: mtoto wa miaka 5 anayerukaruka uwanjani ataitimiza vipi iwapo soksi yenyewe haishiki ugoko? Tafuta pamba yenye mchanganyiko mdogo wa nailoni na nyuzi za kuvutika, ujaribu kuivuta kwa vidole viwili dukani, na uone kama inarudi. Soksi inayorudi kwa uvivu ikiwa mpya haitarudi kabisa baada ya kufuliwa mara kumi.

Nunua jozi tano au sita zinazofanana kabisa. Soksi haipotei ikiwa jozi, hupotea moja, na zikiwa zote sawa ile iliyobaki hupata mwenza papo hapo. Shona uzi wa rangi upande wa ndani wa pindo ili mtoto atambue zake, mahali ambapo mkaguzi hataona kitu.

Weupe nao una hila zake. Geuza soksi ndani nje kabla ya kufua, kwa sababu jasho na ngozi iliyokufa hukaa upande wa ndani, na uziloweke kwenye maji ya sabuni kabla ya kuzisugua. Dawa ya kung'arisha yenye klorini inashawishi, lakini hula nyuzi za kuvutika na kuzigeuza rangi ya manjano. Unapata soksi iliyolegea na isiyo nyeupe, makosa mawili kwa mpigo. Shule ikikupa nafasi ya kuchagua kati ya nyeupe na kijivu au buluu iliyokoza, chagua iliyokoza bila kufikiri mara mbili.

Mfundishe kuvaa, kuanzia mwisho

Mtoto wa miaka 2 hivi huweza kuvua soksi, na huvua hata pale usipotaka. Kuvaa huja baadaye, kati ya miaka 3 na 4, lakini kisigino hukaa upande wa juu wa mguu kama nundu. Kukiweka mahali pake ni kazi ambayo wengi huimudu wakiwa na miaka 5 au zaidi. Kwa hiyo mtoto wa chekechea mwenye soksi iliyopinda hajakaidi kanuni yoyote. Amefanya kazi ngumu kwa kadiri ya mikono yake.

Njia iliyonifaa ni ya kuanzia hatua ya mwisho. Mketishe kwenye kiti kifupi mgongo ukiegemea ukuta, mvalishe soksi mpaka ipite kisigino, kisha mwachie aivute mwenyewe hadi juu. Akizoea, ishia kwenye kisigino na umwache akivushe. Halafu ishia vidoleni. Mwisho, mwonyeshe kuikunjakunja soksi mpaka ibaki kikombe kidogo, vidole gumba vyake viwili vikiwa ndani, vidole vya mguu viingie, halafu kisigino, halafu avute. Kila siku anamaliza yeye, na kila siku anaona soksi iliyokaa sawa kwa mkono wake. Tulichukua karibu wiki tatu, tukifanya mazoezi jioni, kwa sababu asubuhi hakuna mwenye subira. Siku alipofaulu peke yake alikuwa ameung'ata ulimi, jasho jembamba puani, na soksi ya kushoto ilikuwa ndani nje. Nilimwacha aende hivyohivyo.

Pale soksi ya sare isipomfaa

Wapo watoto wasiovumilia mshono wa vidoleni. Si deko, kwao uzi ule huhisiwa kama kijiwe kiatuni, na jambo hili huonekana sana, ingawa si peke yake, kwa watoto wenye usonji. Jaribu kumvalisha soksi ndani nje ili mshono uwe nje, au tafuta soksi zisizo na mshono za rangi ileile. Ukiona kwamba anakataa pia lebo za mashati na kuziba masikio kwa sauti za kawaida, zungumza na mtaalamu wa afya ya watoto. Wengine wana ukurutu, au fangasi kati ya vidole, na hao hudhurika zaidi kwa soksi nzito za nailoni zinazofungia jasho.

Katika hali hizo omba ruhusa kwa maandishi kabla mtoto hajakamatwa, si baada. Barua fupi inatosha: "Mwalimu, mwanangu hawezi kuvumilia mshono wa soksi za sare, huzivua darasani na vidole vyake vimechubuka. Ninaomba aruhusiwe kuvaa soksi nyeupe zisizo na mshono, zenye urefu uleule wa sare. Nimeambatanisha jozi moja mzione. Likitokea tatizo lolote kuhusu soksi zake, naomba nijulishwe mimi badala ya kuulizwa yeye." Sentensi ya mwisho usiiache, hata kama mtoto wako hana shida yoyote ya ngozi. Ukipata cheti cha daktari, kiambatanishe, na ubaki na nakala.

Ukijibiwa kwamba kanuni haina msamaha, unaweza kukumbusha kwa upole kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto. Mimi huiweka hoja hiyo mwishoni. Mwalimu aliyeshikishwa jozi ya soksi mkononi huelewa haraka kuliko aliyesomewa ibara.

Upande wa shule

Mwalimu anayeona soksi isiyo ya sare ana njia nyepesi: aandike mstari mmoja kwenye daftari la mawasiliano, mtoto aingie darasani. Asimtoe mstarini, asimvue soksi mbele ya wenzake, wala asimnyime kipindi hata kimoja. Kumwacha na soksi bila viatu kwenye sakafu ya vigae ni kumtegea kuteleza. Boksi dogo la soksi safi za akiba humaliza mambo kabla ya kengele.

Kama wazazi mnataka kanuni ibadilishwe, msiende kikaoni na malalamiko. Nendeni na sentensi iliyokwisha kuandikwa. Kwa mfano: "Soksi ziwe za rangi moja kati ya nyeupe, kijivu au buluu iliyokoza, zipite kifundo cha mguu, na zipatikane kwa muuzaji yeyote." Kipengele cha mwisho kina thamani kubwa, kwa sababu soksi yenye nembo ya shule humfunga mzazi kwa muuzaji mmoja. Ukali wenyewe si dhambi. Shule ya Christ's Hospital ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1552, hadi leo huvalisha wanafunzi wake soksi ndefu za manjano chini ya koti refu la buluu, na sharti hilo linabebeka kwa kuwa sare hutolewa na shule yenyewe, na wanaoivaa si watoto wa chekechea. Anayetaka kuamua hadi rangi ya uzi na awe tayari kuugharimia.

Mpaka kikao kiamue, weka jozi moja ya akiba kwenye mfuko mdogo ndani ya begi la mtoto, umwonyeshe ilipo, na umwambie mwalimu. Kila unapopima mguu, ibadilishe na hiyo pia, kwani jozi iliyosahaulika begini tangu mwanzo wa mwaka, siku itakapohitajika, haitapita kisigino.