Somo: Kutuma hadithi fupi mashindanoni, hatua kwa hatua

Hamjambo wapenzi wa hadithi. Mfano wangu leo ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Nimeichagua kwa sababu inapokea hadithi za Kiswahili na haitozi ada, kwa hivyo mtu wa Kisumu au Bungoma hana cha kumzuia.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kuandika

Chukua daftari uandike idadi ya maneno, siku na saa ya mwisho, umri, na kama hadithi iliyowahi kuchapishwa inakubalika. Madola wanataka maneno kati ya 2,000 na 5,000, mwandishi awe ametimiza miaka 18, hadithi iwe haijachapishwa, na kila mtu atume moja tu. Pitia pia sehemu ya hakimiliki. Ukikuta shindano linachukua haki zote za hadithi yako hata usiposhinda, achana nalo.

Hatua ya 2: Andika, kisha upunguze

Hapa nawaomba mtulie nami, maana Kiswahili kimetupa neema ambayo wengi hatuitumii. "Hatukumwambia" ni neno moja. Kwa Kiingereza jambo hilohilo linakula maneno matano. Kwa hivyo maneno 5,000 ya Kiswahili ni shamba kubwa, ila sisi tunalijaza magugu: ambaye, katika, alikuwa ni.

Hadithi yangu moja ilianza hivi: "Alikuwa ni mwanamke ambaye alikuwa anauza omena katika soko la Kibuye." Maneno 11. Nikaipunguza: "Aliuza omena Kibuye." Matatu. Manane yaliyobaki nikayapa mkono wake: "Gorogoro ilipojaa, akamwongezea konzi mama aliyebeba mtoto mgongoni." Idadi ni ileile 11, lakini sasa msomaji amemwona huyo muuzaji na ameanza kumpenda. Fanyeni hivyo ukurasa mzima, sentensi kwa sentensi. Ni kazi ya siku kadhaa, na kwangu ndiyo kazi yenyewe ya uandishi.

Hatua ya 3: Msomee mtu kwa sauti

Mahali ulimi wako unapokwama, pana kasoro. Weka alama, endelea.

Hatua ya 4: Ondoa jina lako

Majaji husoma bila kujua nani ameandika. Jina lisiwe kwenye hadithi wala kwenye jina la faili. Mwaka mmoja langu lilibaki juu ya kila ukurasa, na hadithi ikaondolewa kabla ya kusomwa. Niliipenda sana hadithi ile. Iliniuma.

Hatua ya 5: Tuma siku mbili kabla

Shindano likifungwa saa sita usiku ya London mwezi Novemba, kwetu ni saa tisa usiku. Msiziwekee tumaini hizo saa tatu za nyongeza. Stima ikipotea, zitaisha ukiwa gizani.

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Mwalimu, hadithi yangu niliiweka Facebook mwaka jana. Bado naweza kuituma?*

Inategemea shindano, ndugu yangu. Mengi huhesabu mtandao kuwa uchapishaji, mengine husamehe blogu ya mtu binafsi. Tafuta kifungu hicho kwenye masharti. Kuanzia sasa, hadithi unayoitumainia ikae kwenye kompyuta yako.

*Nakuru: Na Tuzo ya Caine, ile aliyoshinda Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa huku kwetu?*

Aliishinda 2002, na mna haki ya kujivunia. Lakini ile inataka hadithi iliyokwisha kuchapishwa, kwa Kiingereza au iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na mchapishaji ndiye anayeituma. Anza kwa kutafuta jarida litakaloichapa.

*Nakuru tena: Wahusika wangu ni vijana, wanaongea Sheng. Niwabadilishe?*

Usiwabadilishe hata kidogo. Sheng ikae vinywani mwao, nawe usimulie kwa Kiswahili ambacho mtu wa Tanga atakifuata. Neno likiwa geni, kitendo kinachofuata kilieleze.

*Siaya: Ile tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, nikiwa na hadithi moja?*

Hadithi moja haitoshi. Wanataka kazi ya ukubwa wa kitabu: riwaya, diwani, au mkusanyiko wa hadithi. Hifadhi unazoandika sasa, zitafika.

*Busia: Nimepigiwa simu kwamba nimefika fainali, nitume shilingi 1,500 kwa M-Pesa nitengenezewe cheti.*

Usitume, dada yangu. Tuzo ya kweli humlipa mwandishi, haimdai pesa ya cheti. Wewe uliingia shindano hilo, au walikupigia tu? Niandikie jina lao, tuwatahadharishe wenzetu leo hii.