Namna ya kukadiria umri wa barua na ramani za Rhodesia

Meli ya Liemba iliunganisha Kigoma na Mpulungu, bandari ya Zambia (zamani Northern Rhodesia), kwa miaka mingi, kwa hiyo masanduku ya wazee wa Ujiji huweza kuwa na bahasha au ramani zenye jina Rhodesia. Usizitupe. Muhuri wa posta ukisomeka, tarehe yake inatosha. Ukiwa umefutika, soma jina la nchi pamoja na sura ya mtawala na fedha.

Stempu yenye maneno British South Africa Company ni ya enzi za kampuni ya Cecil Rhodes, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1889. Ramani inayotenganisha North-Western na North-Eastern Rhodesia inaonyesha hali ya kabla ya Agosti 1911, sehemu hizo zilipounganishwa kuwa Northern Rhodesia. Kampuni iliikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza mwaka 1924, na stempu za kwanza za Northern Rhodesia zilitoka 1925: Mfalme George V juu, twiga na tembo chini.

Wengi hukosea hapa: kati ya 1954 na 1963 stempu ziliandikwa Rhodesia & Nyasaland, kwa sababu ya Shirikisho la Rhodesia zote mbili, kaskazini na kusini, na Nyasaland (leo Malawi), lakini Northern Rhodesia iliendelea kuwepo ndani yake. Barua ya serikali yenye jina moja na stempu yenye jina jingine si ya kughushi.

"Rhodesia" peke yake ina mitego zaidi. Huweza kuwa ya kampuni, au ya kusini (Southern Rhodesia, leo Zimbabwe) baada ya Oktoba 1964, kaskazini ilipokuwa Zambia. Bei ikiwa kwa dola na senti, ni ya kusini, 1970 au baadaye. Jina Zimbabwe lilikuja rasmi 18 Aprili 1980. Kwa Zambia, kwacha na ngwee zilianza Januari 1968. Stempu ya Zambia yenye shilingi na peni ni ya kabla ya hapo.

Kwa ramani, amini jina jipya kuliko la zamani, maana wachapaji hurudia bamba lilelile. Abercorn, jina la zamani la mji wa Mbala nchini Zambia, haithibitishi kitu. Ila ramani yenye Zambia na Tanzania pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya mwisho wa Oktoba 1964: Zambia ilizaliwa tarehe 24, na jina Tanzania likatangazwa tarehe 29.