Jinsi ya kuzielewa nguvu zinazoshika molekuli kwa kutumia spiriti, mafuta ya nazi na mtungi wa gesi

Kama una mdogo wako au mtoto anasoma kemia sekondari, kabla hujafungua daftari lake muulize swali moja tu, maji yakichemka kinachokatika ni nini? Wengi watakujibu kwamba maji yanaachana, haidrojeni inaenda kivyake na oksijeni kivyake. Hapo ndo pa kuanzia, maana akibaki na hilo kosa kichwani hata umkaririshe vipi, mambo ya yabisi, kimiminika na gesi hayatakaa.

Mpeleke jikoni. Bandika sufuria ya maji, yakitokota funika na mfuniko wa baridi, subiri dakika moja halafu ufunue uugeuze. Matone yamejaa, na ni maji yaleyale. Kama ingekuwa haidrojeni na oksijeni ndo zinatoka pale juu ya moto si pangelipuka? Kwa hiyo molekuli ya maji, yaani chembe moja ya maji, haijaguswa, H (haidrojeni) zake mbili na O (oksijeni) bado zimeshikana vilevile, kilichoachia ni molekuli na jirani yake. Yaani kuna mshiko wa ndani ya molekuli, na kuna mshiko kati ya molekuli na molekuli, na huu wa pili ni dhaifu sana, kukata bondi (ule mshiko wa ndani) ya O na H kunataka kama kilojuli 460 kwa moli (kipimo cha idadi ya chembe) wakati mshiko wa maji na jirani yake ni kama 20 hivi. Mwambie aiandike hiyo kwa herufi kubwa.

Sasa sarafu. Chukua ya mia mbili, ioshe kwa sabuni na uisuuze sana ikauke, sabuni ikibaki inaharibu kila kitu, halafu nunua bomba la sindano duka la dawa, sindano yenyewe itoe. Dondosha maji juu ya sarafu tone mojamoja huku mnahesabu kwa sauti, na muiname macho yawe usawa wa meza kabisa. Mtaona maji yanapanda kupita ukingo, yanavimba kama shavu la mtu aliyejaza chakula, yanatetemeka lakini hayamwagiki. Kausha, rudia na spiriti ya kusafishia vidonda, hiyo itamwagika mapema mno. Mvutano wa uso wa maji ni kama mara tatu ya ule wa spiriti. Sababu ni kwamba O ya maji inavutia elektroni upande wake, inakuwa na chaji hasi kidogo, zile H zinabaki chanya kidogo, basi H ya huyu inaing'ang'ania O ya yule na molekuli moja inaweza kushikana na majirani hadi wanne. Hiyo ndo bondi ya haidrojeni. Spiriti nayo ina O na H yake lakini ni moja tu, upande wa pili una mkia wa kaboni na mkia haushiki hivyo.

Ukimaliza hapo pakaza tone la maji, la spiriti na la asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) mgongoni mwa mkono, mbali na moto kabisa tafadhali, hizo mbili zinashika moto haraka. Asetoni inaondoka kwanza, maji ya mwisho. Asetoni inachemka kwenye 56°C, spiriti 78, maji 100, na hapa msimamishe kidogo umwonyeshe kwamba molekuli ya asetoni ni nzito mara tatu ya ile ya maji na bado imewahi kuondoka. Uzito peke yake haukupi jibu, lazima uulize nani anamshika nani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mafuta ya nazi. Dar mwezi wa kumi na mbili yanamwagika kama maji, yapeleke Njombe mwezi wa saba yanakuwa jeupe gumu unachota na kijiko, na watu wanaanza kulalamika wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Hapana jamani, mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya 24°C hivi, ndo asili yake. Mafuta ya alizeti hapohapo kabatini hayagandi, na ukitaka kujua kwa nini fikiria mzigo wa kuni. Kuni zilizonyooka unazipanga zinabanana hakuna nafasi, ndo minyororo ya mafuta ya nazi, inalaliana na kila sehemu inagusa mwenzake. Za alizeti zina bondi maradufu (kaboni mbili zimeshikana mara mbili) zinazozipinda, na kuni zilizopinda unazijua, hazipangiki. Mshiko wenyewe hapa ni nguvu za London, jina la mwanafizikia Fritz London wala siyo mji, kila mguso ni mdogo sana ila migusano ikiwa mingi inatosha kugeuza kimiminika kuwa yabisi.

Ndo maana pia kwenye familia moja ya haidrokaboni, yaani vitu vya kaboni na haidrojeni tu, urefu wa mnyororo unaamua kila kitu. Methani ina kaboni moja inachemka kwenye −162°C, propani yenye tatu −42, butani yenye nne karibu na sifuri, mafuta ya taa ni kimiminika, mshumaa ni yabisi. Zote kaboni na haidrojeni tupu.

Kwenye mtihani basi afuate mpangilio huu: kwanza aangalie kama kuna H iliyoshikana na O, N (naitrojeni) au F (florini), kama ipo ataje bondi ya haidrojeni, kama haipo aangalie molekuli ina upande chanya na hasi, kama nayo hapana basi ni ukubwa na umbo tu. Chumvi asiichanganye humu, hiyo imeundwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji kamili, inayeyuka kwenye 801°C.

Malizia na mtungi wa gesi. Ukiwa umefungwa utikise kidogo, mtasikia kitu kinacheza ndani, ni propani na butani, presha imezisogeza karibu mpaka zikashikana zikawa kimiminika. Ukipika maharage muda mrefu mtungi unapoa na kutoka jasho, kwa sababu molekuli zinazoachiana zinachukua joto kutoka kwenye chuma. Bajaji za gesi za Dar zinabeba methani, mtungi wake una presha kama 200 za hewa ya kawaida na bado ndani ni gesi tupu, maana methani ikiwa juu ya −82°C huwezi kuifanya kimiminika kwa presha yoyote. Mwache mtoto akueleze kwa maneno yake kwa nini mtungi wa jikoni ukiutikisa unasikika na wa bajaji hausikiki.