Maleba mwilini, kompyuta usoni: namna ya kuunda zimwi la filamu

Kabla sponji haijakatwa, amueni kipi cha fundi wa maleba na kipi cha kompyuta. Maleba yachukue kila kinachoguswa: mikono inayokamata, manyoya yanayolowa mvua. Kompyuta ipewe macho, kope na midomo. Filamu ya Where the Wild Things Are (2009) ilifanywa hivyo: karakana ya vikaragosi ya Jim Henson iliunda miili ya kuvaliwa, na Framestore, kampuni ya picha za kompyuta ya London, ikahuisha nyuso.

Kichwa halisi kiwe kidogo kuliko cha kompyuta. Kikubwa hufunika kidogo bila taabu. Ukikosea hapo, itabidi uchore upya mandhari ya nyuma katika kila fremu, na sekunde moja ina fremu 25.

Mgongoni na mabegani tumia sponji ya milimita 25. Kwenye viwiko, magoti na makwapa, milimita 10 zinatosha, la sivyo patakunjamana kama godoro. Gundi ya mpira ipakwe pande zote mbili na iachwe hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukiharakisha, maungio yataachia jasho likianza kutoka. Feni ndogo ya volti 5 ikae kisogoni, nayo iendeshwe na pawabenki. Hata hivyo mvaaji avuliwe kichwa kila dakika 15 na anywe maji. Hili si la kujadiliana.

Shingo ndiyo inayoumbua wengi. Kichwa kikigeuka, maleba huchelewa kidogo kufuata, na mpaka kati ya maleba na kichwa cha kompyuta ukiwa mahali pa wazi utaonekana kama kiraka. Ufiche chini ya kidevu, ndani ya ndevu au magamba yanayopandana, na shingo ya kompyuta ishuke sentimita 3 au 4 kupita mpaka ili uchague pa kuunganishia.

Alama za kufuatilia, yaani vidoa ambavyo programu huvifuata ili ijue kichwa kimegeukaje, ziwe za milimita 5, zisizong'aa, bila mpangilio wa mstari, juu ya sehemu ngumu ya barakoa: paji, mashavu, pua. Zikibandikwa panapovutika, hesabu zote huharibika. Angalau 8 zionekane wakati wote, kwa hiyo bandika 15 au zaidi.

Kwenye seti, zima kitulizi cha picha cha kamera, maana huhamisha picha kimyakimya na programu haina habari. Andika urefu wa lenzi, kimo cha kamera na umbali. Shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50 hutosha, ila zimwi likikimbia alama hufifia. Nenda 1/100, ambayo pia haimemeteshi taa za umeme wa hezi 50 wa kwetu, kisha uongeze ukungu wa mwendo baadaye. Baada ya kila shoti, rekodi sekunde 10 za mahali patupu, kisha mpira wa kijivu na mwingine unaong'aa kama kioo, pale pale aliposimama mwigizaji, ili baadaye uige mwanga wa mahali hapo kwenye kompyuta.

Katika Blender, programu ya kuunda na kuhuisha maumbo, kosa la ufuatiliaji likizidi pikseli 1, futa alama zinazoyumba kabla ya kuendelea. Kichwa kikionekana kimebandikwa, usikimbilie kubadili rangi. Mara nyingi kilichosahaulika ni kivuli cha taya juu ya kifua halisi: tengeneza umbo jepesi la kifua, lifuate mwili, lipokee kivuli tu. Kisha linganisha weusi wa ndani ya kinywa na weusi wa picha yenyewe, na mwisho chenga za kamera, yaani vitone vidogo vinavyochezacheza kwenye picha.